Kasoro ya Mshipi

Mvuvi anayerambaza anafanya kazi asiyoiona. Mwenye dema atalipandisha alichungulie. Mwenye wavu ataona boya likizama. Hata mwenye mshipi wa mkono, akishatia nanga, anajua chubwi imefika chini kwa kuwa kidole cha shahada kimemwambia. Lakini anayerambaza ameacha chambo mita hamsini au mia nyuma ya chombo kinachokwenda, na chambo hicho kinafuata kwa kina anachokikisia, kikicheza mchezo asioweza kuushuhudia. Akirudi pwani mikono mitupu, hajui kama samaki hawakuwepo, au walikuwepo na chambo kikawapita juu ya vichwa siku nzima.

Katika mkondo wa Pemba swali hilo halisumbui sana. Nguru na jodari huwinda karibu na uso wa maji. Ngalawa ikipata upepo, mshipi wa nailoni unatosha, na kipande cha waya mbele ya ndoano kwa sababu nguru ana meno ya kukata. Kuna maji mengine, mbali na kwetu, ambako swali la kina limezaa utaalamu mzima wenye zana zake, lugha yake na ubishi wake usiokwisha. Ni Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Huko wanaorambaza hutafuta hasa samoni, trauti na wolai, yule samaki mwenye macho meupe ya kioo. Kila mmoja ana kina chake, baridi yake na saa yake ya kula, na kwa kila mmoja dukani kuna uzi uliotengenezwa kwa ajili yake.

Ingia duka la vifaa vya uvuvi katika Ludington, mji wa bandari kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Michigan. Ukuta mzima ni nyuzi: nailoni nyeupe, ya kijani, ya rangi ya moshi, uzi wa kusuka, flurokaboni, uzi wenye risasi ndani yake, shaba, waya wa chuma cha pua. Mgeni hudhani mmoja wao ni bora kuliko wenzake na kwamba muuzaji ameamua kumficha. Haupo. Kila uzi katika ukuta ule ulitengenezwa ili kuponya kasoro ya uzi mwingine, na kila mmoja ulikuja na kasoro yake mpya. Kuchagua mshipi ni kuchagua kasoro utakayoweza kuishi nayo, na hilo haliwezekani mpaka uyajue maji unayoyaendea.

Maji yenyewe yana historia ya kusikitisha na ya kushangaza. Samaki mkubwa wa asili katika maziwa hayo ya juu alikuwa trauti wa ziwani, anayekaa chini kwenye baridi na kukua polepole. Kisha mifereji ya meli ikafungua njia kwa wageni kutoka baharini. Lamprei, kiumbe mrefu asiye na taya ambaye hujigandisha ubavuni mwa samaki na kumfyonza damu, alionekana Ziwa Michigan katika miaka ya 1930, na kufikia miaka ya 1950 trauti wa ziwani walikuwa karibu wametoweka humo. Nyuma ya lamprei alikuja elwaifu, samaki mdogo wa fedha wa jamii ya dagaa-papa, aliyeonekana Ziwa Michigan mwaka 1949. Kwa kuwa aliyepaswa kumla alikuwa amekwisha, elwaifu alizaana bila kizuizi. Mwaka 1967 walikufa kwa wingi mno hata fukwe zikafunikwa na mizoga, na matrekta yakaitwa kuizoa.

Howard Tanner, aliyekuwa mkuu wa uvuvi katika jimbo la Michigan, alikuwa ameshachukua hatua ambayo leo hakuna mwanasayansi angeichukua kwa wepesi ule. Aliagiza mayai ya samoni aina ya koho kutoka Oregon, upande wa Bahari ya Pasifiki, akawalea vifaranga, na masika ya 1966 akawaachia katika mito inayoingia Ziwa Michigan. Mwaka uliofuata wakaongezwa chinuku, samoni mkubwa kuliko wote. Alitaka wamle elwaifu, na alitaka watu wavue kwa furaha. Yote mawili yalitimia. Msomaji wa Mwanza au Kisumu hahitaji kuelezwa hadithi ya samaki mlafi aliyeletwa na watu kutoka maji mengine. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na tunaijua faida yake na tunaijua gharama yake.

Wenyeji wa Michigan walikuwa na vifaa vya kuvulia samaki wadogo wa ufukweni. Ghafla kukawa na samaki wa kilo tano, kumi na zaidi, wakikimbia katika ziwa lenye kina cha wastani cha mita 85 na shimo la mita 281. Watu walitoka na mashua ndogo mno kwa ziwa kubwa namna ile. Septemba 1967 dhoruba iliwakuta majini mbele ya Mto Platte, na kuna ambao hawakurudi. Waliorudi walianza kufikiri upya: chombo gani, uzi gani, na kwa njia gani chambo kifike kule walikokwenda samaki? Ukuta wa duka la Ludington ni majibu ya swali hilo, yaliyoongezwa moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza lilikuwa nailoni, maana ilikuwepo. Ilitengenezwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont na kikundi kilichoongozwa na Wallace Carothers, na kabla ya muongo kwisha ilikuwa imeshaanza kuuzwa kama uzi wa kuvulia. Kabla yake wavuvi walitumia hariri na kitani, nyuzi zilizotakiwa kuanikwa kila jioni zisioze. Nailoni haikuoza, ilikuwa rahisi, na haikuonekana sana majini. Tabia yake kubwa ni kunyumbuka: ikivutwa kwa nguvu inaweza kurefuka hadi karibu robo ya urefu wake. Chinuku anapokipiga chambo cha boti inayokwenda kilomita 4 kwa saa, mshtuko ni mkali, na unyumbufu ule humeza mshtuko kabla ndoano haijapasua mdomo. Tabia hiyohiyo, uzi ukiwa mrefu, humfanya mvuvi akaze na ndoano isikaze, kwa sababu nguvu yote imeishia katika kurefuka kwa uzi.

Nailoni ina jambo jingine. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na katika kamba za mnazi na katani walikuwa na haki. Nailoni haiheshimu usemi huo. Hunywa maji kidogo na kulegea nguvu, jua huila pole pole, na ikikaa muda mrefu kwenye rili hubaki na mikunjo ya kibobini hata ikiwa ndani ya maji. Wavuvi makini wa maziwa yale huitupa kila mwanzo wa msimu na kuweka mpya, hata kama ile ya zamani inaonekana nzima. Kabla ya hapo hupitisha mita chache za mwisho katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, macho yakitazama pengine. Kidole kikisikia mkwaruzo mdogo, uzi unakatwa hapo.

Uzi wa kusuka, ule wa nyuzinyuzi za polithilini ulioenea katika miaka ya 1990, ulikuja kuponya unyumbufu. Karibu haurefuki kabisa. Mguso wa samaki mdogo mita mia nyuma ya boti unafika kwenye ncha ya ufito saa ileile. Tena ni mwembamba: wa pauni 30 una unene unaokaribia nailoni ya pauni 8, kwa hiyo hukata maji bila kuyasukuma sana, na chambo cha kujizamisha chenyewe hushuka zaidi. Lakini ugumu ule una bei. Samaki akitikisa kichwa hakuna kitu kati ya ndoano na ufito cha kupokea mtikisiko, na nyama laini ya mdomo huraruka. Aliyezoea kusuka hulegeza breki ya rili na kununua ufito laini zaidi, yaani anarudisha kwa mkono wa kushoto unyumbufu alioufukuza kwa mkono wa kulia.

Flurokaboni iliuzwa kwanza Japani mwaka 1971. Sifa yake ni kutoonekana. Mwanga ukiingia majini hupinda kwa kiwango fulani, na flurokaboni huupinda kwa kiwango kinachokaribia cha maji kuliko nailoni inavyofanya, hivyo jicho la samaki hupata shida kuutofautisha uzi na maji. Hainywi maji, ni nzito kuliko nailoni, na hustahimili kusuguana na meno. Ila ni ngumu, ni ghali, na fundo lake huungua kwa urahisi likikazwa kavu. Ndiyo maana wengi hawaijazi rili nzima. Huweka mita chache tu za mwisho, kati ya mshipi mkuu na chambo. Tazama mikono ya mtu anayelifunga fundo hilo: anazungusha, anaingiza ncha, kisha kabla ya kuvuta analipeleka mdomoni na kulilowesha kwa mate. Anakaza polepole, mkupuo mmoja. Kisha analivuta kwa nguvu dhidi ya kiganja, kwa sababu ni bora likatike hapo kuliko likatike ubavuni mwa boti, samaki akionekana.

Nyuzi hizi tatu zina udhaifu mmoja wa pamoja: peke yake hakuna unaofika chini. Boti ikienda, maji huusukuma uzi juu. Hapo ndipo zilipoingia metali.

Uzi wa risasi ni kamba nyembamba ya kusuka yenye kiini cha risasi, na hupakwa rangi tofauti kila yadi 10, yaani kila mita 9 hivi. Mvuvi hasemi ameachia mita ngapi. Anasema ameachia rangi tano, au rangi nane. Kwa mwendo wa wastani kila rangi humpeleka chini kiasi cha mita moja na nusu. Ni hesabu ambayo hata mtoto anaifanya akiwa amekaa sehemu ya nyuma ya boti. Shaba huzama zaidi: mita 90 za shaba nene zaweza kufika karibu mita 20 chini. Inahitaji rili kubwa, hujikunja ikilegezwa ghafla, na mkunjo mmoja uliokazwa ndipo mahali itakapokatikia. Waya wa chuma cha pua huvutwa na kizamishi, kisahani cha plastiki kinachochimba maji kuelekea chini na pembeni. Waya huo huvuma ukiwa kazini, na wako wanaoapa kwamba samoni huufuata mvumo ule. Hoja hiyo haijawahi kushindwa wala kushinda katika boti yoyote.

Na metali zote zina jambo moja la kumfundisha mvuvi unyenyekevu. Kina chake ni mtoto wa mwendo. Boti ikipunguza kasi, uzi wa risasi huzama, ikiongeza, hupanda. Boti ikikata kona, nyuzi za upande wa ndani hulegea na kushuka, za upande wa nje huharakishwa na kupanda. Mvuvi mwerevu hukata kona kwa makusudi, kisha anaangalia ni upande gani umepigwa. Ukipigwa wa ndani, samaki wanataka chini zaidi na polepole; ukipigwa wa nje, wanataka kinyume chake. Hakuna kifaa cha dukani kinachotoa jibu hilo kwa bei rahisi namna hiyo.

Jibu lililobadilisha uvuvi ule kuliko yote ni dauniriga. Ni winchi ndogo iliyofungwa nyuma ya boti, yenye waya na tufe la risasi la kilo 4 au 5 mwishoni. Mshipi hubanwa kwenye kibanio karibu na tufe, tufe linashushwa, na winchi inahesabu. Ukitaka mita 20, unashusha mita 20. Samaki akipiga, kibanio kinaachia, na mvuvi anapigana na samaki peke yake bila mzigo wa risasi. Ilienea katika Maziwa Makuu miaka ile ya mwanzo ya samoni, na kwa mara ya kwanza aliyerambaza aliweza kusema chambo chake kiko wapi. Karibu aweze. Maana waya nao husukumwa nyuma na maji, na kwenye kina kirefu kuna mkondo wa chini ambao hauna habari na mkondo wa juu. Kipimo cha boti kikisema kilomita 4 kwa saa, tufe lililo chini laweza kuwa linakutana na maji yanayokuja mbele yake, na chambo kinazunguka kichaa; au maji yanakwenda nalo, na chambo kimelala. Wenye uwezo hufunga kipimo karibu na tufe, kinachotuma juu joto na mwendo wa kule chini. Wasio na uwezo hutazama pembe ya waya unapoingia majini. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema wazee. Hapa hata uliyoyafika kwa risasi hujui yanaelekea wapi.

Nimetaja joto, na joto ndilo jambo lenyewe. Kiangazi, maji ya juu ya Ziwa Michigan hupata joto la nyuzi 20 na zaidi za Selsiasi, na chini yake kuna tabaka ambamo joto hushuka ghafla ndani ya mita chache. Chinuku hupendelea maji ya nyuzi 10 hadi 14 hivi. Trauti wa ziwani hutaka baridi zaidi, karibu na sakafu. Trauti upinde wa mvua, yule wa kutoka Pasifiki anayeishi ziwani na kupanda mitoni kuzaa, huvumilia joto na hupatikana juu, mbali katikati ya ziwa. Wolai hutaka maji ya vuguvugu kuliko wote hao. Kwa hiyo ziwa moja, asubuhi moja, lina ghorofa zake, na kila ghorofa ina mpangaji. Upepo wa kaskazini ukivuma siku kadhaa mfululizo kwenye ufuko wa Michigan, maji ya moto ya juu husukumwa mbali na ya baridi hupanda kushika nafasi. Waogeleaji hukimbia. Wavuvi husogea ufukweni na kuweka kando shaba yao ndefu, kwa kuwa samoni sasa yuko mita chache chini.

Kwa hiyo ukiniuliza uzi wa samoni ni upi, nitakuuliza mwezi. Aprili, koho wadogo huwa kusini mwa Ziwa Michigan kwenye maji ya juu, na hawaogopi hata povu la propela. Nailoni fupi nyuma ya boti inatosha. Mwezi huohuo trauti kahawia hutafuta maji ya vuguvugu karibu na midomo ya mito, kwenye kina ambacho mtu angeweza kusimama au kukosa kidogo tu, na hapo unahitaji nailoni nyembamba, ndefu, iliyopelekwa mbali na kelele za boti. Julai na Agosti chinuku ameshuka, na hapo ndipo dauniriga, kizamishi na shaba hufanya kazi pamoja, kila kimoja kwa kina chake, usiku unapokaribia kuwa mchana. Trauti wa ziwani anataka mwendo wa pole na chambo kinachogusagusa karibu na tope. Mwezi Agosti 2021, chinuku wa pauni 47.86, karibu kilo 22, alivuliwa nje ya Ludington na kuvunja rekodi ya jimbo la Michigan iliyokuwa imesimama tangu 1978. Samaki wa namna hiyo hujaribu kila fundo ulilofunga mwaka huo.

Wolai ni habari nyingine kabisa, na kwao hasa ni Ziwa Erie. Sehemu ya magharibi ya ziwa hilo ina kina cha wastani cha mita 7 tu. Hapo tufe la risasi litaishia matopeni, na boti yenyewe, ikipita juu, huwatawanya samaki. Wolai ana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, hivyo huona vizuri kwenye giza na kwenye maji ya tope, na hukwepa jua kali. Suluhisho la huko ni ubao: kibao kidogo kilichokatwa mshazari, kinachobanwa kwenye mshipi na kuvutwa na maji kuelekea pembeni, mita 20 au 30 kutoka ubavuni mwa boti. Nyuma ya ubao hufuata chambo bandia cha umbo la samaki, au uzi wenye shanga, kipande cha bati kinachozunguka, na ndoano mbili zilizovikwa nyungunyungu. Kwa nyungunyungu, boti hutambaa; kilomita 2 kwa saa zinatosha.

Ukitazama mbao hizo zikienda kwa safu juu ya maji, utaona utofauti wa tabia. Samoni akipiga, ubao huruka nyuma na rili hupiga kelele. Wolai hafanyi hivyo. Ubao mmoja, ambao dakika iliyopita ulikuwa sambamba na wenzake, umebaki nyuma nusu mita. Hakuna kelele, hakuna ufito uliopinda. Asiyejua ataendelea kunywa kahawa. Anayejua ataondoa ufito taratibu, hatavuta kwa ghadhabu, atauzungusha uzi kwa mwendo mmoja, kwa kuwa uzi ukilegea hata kidogo wolai amekwenda. Hapa nailoni, na unyumbufu wake wote uliolaumiwa kule kwenye kina, inakuwa rafiki tena.

Ningeweza kuishia hapo kama maji yangekaa yalivyokuwa. Hayakukaa. Mwaka 1988 kome milia, wa kutoka maji ya mipaka ya Ulaya na Asia, walikutwa Ziwa St. Clair, wakiwa wamesafiri katika maji ya kusawazishia meli. Jamaa zao kwaga walifuata na kuenea hadi kwenye kina kirefu. Kome huchuja maji na kula vijimea vidogo ambavyo msururu wote wa chakula hutegemea. Leo Michigan na Huron zina maji maangavu kuliko Superior, jambo ambalo mzee wa miaka ya 1960 asingeliamini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 elwaifu wa Ziwa Huron waliporomoka, na chinuku, ambaye hula hasa elwaifu, akaporomoka nyuma yao. Kwa mvuvi, maji maangavu yana maana ya moja kwa moja: uzi ulioridhisha jana leo unaonekana. Ndiyo sababu kipande cha flurokaboni kimerefuka mwaka hadi mwaka, na chambo kimepelekwa mbali zaidi nyuma ya boti. Uzi wa leo ni ramani ya kome.

Kisha wakaja viroboto wa maji, nao pia kwa meli. Ni vidudu vidogo vyenye mkia mrefu wa mwiba, vilivyoingia Maziwa Makuu katika miaka ya 1980, na aina nyingine yenye ndoano mkiani ikaonekana Ziwa Ontario mwaka 1998. Kiangazi hunasa kwenye mishipi kwa maelfu. Ukivuta uzi mwembamba wa kusuka, unapanda na mafungu meupe ya utelezi kama sufi iliyolowa, na mafungu yakifika kwenye pete ya ncha ya ufito yanaziba. Uzi haupiti, na samaki yuko upande wa pili. Waliokuwa wameusifu wembamba wa uzi wa kusuka kwa miaka kumi walilazimika kurudi dukani kununua nailoni nene ya pauni 30, kwa sababu mikia ya viroboto haishiki vizuri kwenye uzi mnene. Sifa ikawa kasoro, kasoro ikawa sifa, na uzi wenyewe haukubadilika hata kidogo. Maji ndiyo yaliyobadilika.

Mambo haya yananifanya niwe na wasiwasi na ushauri wa namna ya "nunua huu, ndio bora". Mshauri anazungumza juu ya maji yake, mwezi wake na mwaka wake. Jimbo la Michigan linamruhusu mtu kutumia fito tatu kwa wakati mmoja, na boti yenye watu wanne inaweza kuburuta nyuzi kumi na mbili. Kuzijaza zote kwa vifaa vya bei kubwa ni rahisi kwa mwenye pesa. Kujua kila moja iko kina gani sasa hivi, boti ikipigwa na upepo wa ubavuni, hakununuliwi. Nimekuja kuamini kwamba mwenye nyuzi tatu anazozifahamu atamshinda mwenye kumi na mbili anazozibahatisha, si kila siku, lakini katika msimu mzima.

Grand Rapids, jiji lenye jamii kubwa ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili, liko chini ya saa moja kwa gari kutoka ufuko wa Ziwa Michigan, na miongoni mwa wasomaji wa lugha hii wapo wenye ziwa hili karibu kuliko bahari yoyote. Kwao nina maneno ya vitendo. Mwenye miaka 17 na zaidi anahitaji leseni ya jimbo. Maji yale huua kwa baridi kabla hayajaua kwa kuzamisha, kwa hiyo jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Jimbo hutoa mwongozo wa samaki wa kula na kiasi chake, kwa sababu samoni na trauti wakubwa hubeba sumu za viwanda katika mafuta yao. Usomeni kabla ya kuwapikia watoto. Na nailoni iliyochakaa isiachwe ufukweni, maana ndege wa majini hunasa miguu humo.

Kuhusu uzi wenyewe, msimamo wangu ni huu. Anza na nailoni nzuri, mpya kila msimu, na mita chache za flurokaboni mwisho wake. Ijue kasoro yake mpaka uweze kuieleza kwa mtoto. Ukishaona kwa macho yako kwamba kasoro hiyo ndiyo inayokunyima samaki, nunua uzi wa pili kwa ajili ya kasoro hiyo tu. Na kama mfukoni pana pesa ya kitu kimoja na dukani kuna rili ya kumi inayong'aa, iache palepale. Nunua kipimajoto.